Sauti si Sauti Tu

Miongoni mwetu walimu wa Kiswahili umezuka usemi ambao haufai kuachwa upite bila ya kujibiwa. Usemi wenyewe ni huu: kwamba mwalimu anayekwenda kunasa hadithi, mashairi na ngoma za wazee hana haja ya kujishughulisha na ubora wa sauti, maadamu maneno yanasikika. Simu yoyote yatosha na faili lolote latosha. Sauti ni sauti tu. Sisi tunasema kwamba usemi huu ni mbovu, na hasara yake ni kubwa zaidi huko ambako nafasi ya kunasa mara ya pili ni ndogo. Mfano wetu ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, tangu Palma, kusini ya mto Ruvuma, kupitia Mocímboa da Praia hadi Ibo na visiwa vya Quirimba.

Pwani hiyo ni hazina ya lugha. Kipo Kiswahili, kipo Kimakwe, kipo Kimakonde, na kipo Kimwani, ambacho kiko karibu mno na Kiswahili hata baadhi ya wataalamu wamekihesabu miongoni mwa lahaja zake. Lakini mwezi wa Oktoba 2017 vita vilianzia Mocímboa da Praia. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo na nchi iliyo mkabala wake. Mwezi wa Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilitekwa, ikakaa mikononi mwa wapiganaji kwa muda wa mwaka mmoja. Na mwezi wa Machi 2021 Palma nayo ilishambuliwa. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Mtu akimbiaye na mtoto mgongoni habebi kanda za kaseti. Mzee aliyekuwa akisimulia barazani kwake akajikuta kambini, mbali na wale waliokuwa wakimwitikia. Mwalimu akimpata mzee huyo leo kwa nusu saa, nusu saa hiyo huenda isirudi tena. Basi ni haki kumnasa ovyo?

Tuanze na lugha yenyewe. Kila mwalimu anajua kwamba tahajia yetu haiandiki mpumuo. Tunaandika *paa* kwa mnyama na *paa* la nyumba kwa herufi zile zile. Tunaandika *kaa* wa pwani na *kaa* la moto bila ya tofauti yoyote. Lakini wasemaji wengi wa pwani hutofautisha maneno hayo: yule mnyama na yule kaa wa pwani hutamkwa kwa pumzi, ilhali paa la nyumba na kaa la moto hutamkwa bila ya pumzi. Pumzi hiyo hudumu chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kuwa maandishi hayaionyeshi, shahidi wake ni sikio na chombo cha kunasia. Chombo kikiwa kiziwi, tofauti hiyo haimfikii mwanafunzi atakayekuja baada ya mzee kuondoka.

Na viziwi wapo wengi. Simu ya kawaida iliundwa ipitishe mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, kwa sababu hiyo yatosha kuelewana. Simu nyingi za zamani zilipotumiwa kunasa sauti zilifuata kipimo hicho hicho. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya sauti *s* iko juu ya mitetemo 4,000. Ikikatwa, *s* hukaribiana na *f*, na *samani* hukaribiana na *thamani*. Mtu anayeijua lugha hujaza pengo kwa akili yake, naye husema kwamba amesikia vizuri. Mwanafunzi hana akiba hiyo. Hapa ndipo hoja ya “maadamu maneno yanasikika” inapoanguka: yanasikika kwa nani?

Wapo watakaosema kwamba simu za leo zimeondokana na upungufu huo. Ni kweli kwamba nyingi hunasa mitetemo ya juu. Lakini aghalabu huihifadhi sauti ikiwa imebanwa. Ubanaji huo si kama kukunja nguo sandukuni, ambayo ukiifungua huipata yote. Mtindo wa MP3, uliotengenezwa kwa mchango mkubwa wa wataalamu wa Fraunhofer wa Ujerumani na kuwekwa katika kanuni za kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupima ni sehemu zipi za sauti ambazo sikio huenda lisizitambue, kisha huzitupa. Sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16. Kwa njia zake mbili hiyo ni kiasi cha kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 ina karibu sehemu moja tu ya kumi na moja ya kiasi hicho. Kwa msikilizaji wa muziki garini huenda hasara hiyo isidhuru. Lakini mpimaji wa chombo hakuulizwa kuhusu mpumuo wa Kiswahili, wala hajui kwamba mwalimu atataka kuusikiliza mara ishirini. Na faili lililobanwa likifunguliwa, likakatwa na kubanwa upya, hupoteza tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ngoma nazo zina shauri lake. Katika tufo wanawake huimba pamoja huku matari yakipigwa, na kila pigo huanza kwa ghafula. Ubanaji mkali huweza kuutanguliza mvumo hafifu kabla ya pigo lenyewe, hata ukali wa mwanzo wake ukafifia. Simu nazo nyingi hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe: ngoma ikilia huikandamiza, ikinyamaza huupandisha upepo na kelele za watoto. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi mpangilio wa mapigo atawafundisha mpangilio wa simu.

Hatudai kwamba vyombo vya zamani havikuwa na mkasi wao. Siti binti Saad aliponasiwa nyimbo zake huko Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu. Na taarabu, kama tujuavyo, haiishi kwa dakika tatu. Kanda ya kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, iliwapa watu wa kawaida uwezo wa kunasa ngoma na hotuba zao wenyewe, jambo ambalo santuri haikuwapa kamwe. Lakini ilikuja na mvumo wake, na kila nakala iliyotolewa kutoka nakala nyingine ilizidisha mvumo huo. Kwa hiyo hatuungani na wale wanaolilia santuri na kaseti wakisema kwamba zina roho na vyombo vya tarakimu havina. Roho imo katika koo la mwimbaji. Chombo kizuri ni kile kisichoipunguza.

Wala hatuungani na kundi la pili, la wapenzi wa vyombo vya bei kubwa, ambao hugombana juu ya vipimo vinavyozidi vya CD kana kwamba uhai wa muziki umo humo. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walitoa matokeo ya jaribio lao: wasikilizaji walipotakiwa kutofautisha sauti ya vipimo vya juu na sauti hiyo hiyo iliyopitishwa katika kipimo cha CD, walipatia kiasi cha nusu tu ya mara zote, yaani sawa na mtu anayebahatisha. Fedha zinazomalizwa katika ugomvi huo zingeweza kununua maikrofoni kwa shule kadhaa.

Tumefika kwenye hoja ambayo wapinzani wetu huitegemea zaidi, yaani umaskini. Husema kwamba mwalimu wa Palma au wa Ibo hana fedha za studio. Hapana aliyemtaka awe na studio. Simu yenye programu inayohifadhi faili la WAV lisilobanwa, kwa kipimo cha CD na njia moja, hutumia kiasi cha megabaiti 318 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 huchukua karibu saa 100. Ubora mkubwa zaidi hupatikana bila ya kulipa chochote: isogeze maikrofoni. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli sita, ilhali kelele za uwanja hubaki zile zile. Basi ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili isipigwe na pumzi, upepo wa kusi uzuiliwe na ukuta na kitambaa chepesi, jenereta lizimwe. Mwenye chombo kinachoweza zaidi na afuate mwongozo wa IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, unaopendekeza vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde, na biti 24 kwa sauti zinazotolewa kwenye kanda na santuri. Biti hizo zina faida kwa mnasaji hata kama msikilizaji hazitambui: humpa nafasi ya kuiweka sauti chini, ili mzee akipaza ghafula isipasuke.

Tunayoyataka, basi, ni machache. Faili la kwanza libaki kama lilivyonaswa, bila ya kubanwa na bila ya kukatwa. Nakala zake ziwekwe mahali pawili palipo mbali, moja Pemba kwa mfano na nyingine Mtwara, kwa maana tumekwisha ona linalotokea kila kitu kikiwa ndani ya nyumba moja. Jina la msimulizi, mahali, tarehe na lugha viandikwe siku ile ile, na ridhaa yake iombwe. Baada ya hapo MP3 na itumike kwa uhuru wote: ipelekwe darasani, irushwe kwa WhatsApp. Nakala ya kugawa na ibanwe. Ya kuhifadhi isibanwe. Atakayechoka na ukubwa wa faili anaweza kutumia FLAC, ambayo hulipunguza mara nyingi hadi karibu nusu na kulirudisha zima.

Walimu wenzetu, katika sarufi tunamsahihisha mwanafunzi kwa herufi moja tu iliyopotea, na tunafanya vyema. Itakuwaje basi turidhike kuipoteza sauti nzima kwa sababu tumeona uvivu wa kubadilisha mpangilio mmoja katika simu? Wazee wa pwani ile wamepoteza nyumba, minazi na mashua. Wakikubali kutupa sauti zao, tuzipokee nzima.