Miaka 125 ya shoo: kondoo arudi katikati ya uwanja

Mwaka huu Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho wakubwa kwa wadogo hukiita ASK, kinatimiza miaka 125. Kilianzishwa 1901, mwaka ule ule reli kutoka Mombasa ilipofika ukingoni mwa Ziwa Victoria, na mwaka uliofuata kikaandaa maonyesho yake ya kwanza. Nairobi haikuwa bado makao makuu ya nchi. Tangu hapo jina la chama limebadilika, bendera imebadilika, vita viwili vya dunia vimepita, na mwaka 2020 korona ilifunga viwanja. Shoo ingali inafanyika. Tunawapongeza kwa dhati wote walioilinda, kuanzia wenyeviti wa matawi hadi vijana wanaolala kwenye mabanda usiku kucha wakichunga ng'ombe wa watu.

Tunachosherehekea hasa ni jambo moja: uwanja wa waamuzi. Mfugaji huingia akimvuta mnyama wake kwa kamba, akasimama mbele ya umati. Mwamuzi humzunguka mnyama, hupapasa mgongo, hutazama miguu na kiwele, humtembeza, kisha huwapanga wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu hueleza sababu. Huyu amemshinda yule kwa sababu kwato zake zimesimama sawa. Yule wa tatu ni mrembo lakini mgongo umelegea. Mara ngapi katika nchi hii mtu hunyimwa zabuni, kazi au nafasi ya shule bila kuambiwa kwa nini? Uwanjani hata aliyeshika mkia huondoka na somo, na mwakani hurudi na mnyama aliye bora zaidi.

Heshima ya kusimama uwanjani hapo haikuwa ya kila mtu tangu mwanzo, na jubilei si wakati wa kulificha hilo. Kwa zaidi ya nusu karne chama kilikuwa mali ya walowezi. Nyanda za juu zilitengewa Wazungu, na utepe wa ushindi ulikuwa wa mwenye shamba. Mwafrika alikuwepo pia: ndiye aliyemlisha mnyama, akamwosha, akamshika kamba. Alikuwepo bila jina. Mashamba yalipoanza kugawanywa mwaka 1962 kupitia mpango wa ekari milioni moja, Nyandarua na kwingineko, walioingia kuwa wenye ardhi hawakuwa wanafunzi wa kilimo. Wengi walikuwa na ujuzi mikononi tayari. Kilichokosekana ni hati na kombe.

Ujuzi mmojawapo ni kunyoa kondoo, na gazeti hili linataka kukaa hapo kidogo.

Kondoo wetu wa asili hawanyolewi. Kondoo mwekundu wa Wamaasai ana nywele fupi, hana sufu. Sufu ililetwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlowezi Lord Delamere aliingiza kondoo wa Merino kutoka Nyuzilandi kwenye shamba lake la Njoro, na wengi wao wakafa, kwa kuwa nyasi zilimea kwenye udongo uliopungukiwa na madini. Baadaye wataalamu wa mifugo walitambua kwamba upungufu uliodhoofisha mifugo ya eneo la Nakuru ulikuwa wa kobalti. Ufugaji wa sufu ulishika mizizi polepole, kwa kuchanganya damu na kondoo wa hapa, kwa chumvi ya madini, na kwa kutafuta nyanda zenye baridi: Molo, Mau Narok, Kinangop, Ol Kalou, Timau. Merino walifuatwa na Corriedale, Romney Marsh na Hampshire Down. Palipo na sufu lazima pawe na mnyoaji, maana kondoo asiponyolewa kila mwaka hulemewa na joto, upele hujificha asiuone mtu, na mwanakondoo hushindwa kulipata titi.

Ukibahatika kumwona fundi halisi wa makasi ya mkono, simama utazame. Kondoo hazolewi tu kutoka malishoni. Hukaa na njaa tangu usiku, kwa sababu tumbo lililojaa humtesa anapokalishwa, na sharti awe mkavu, kwani sufu yenye maji huoza kwenye gunia. Fundi humkalisha kitako, mgongo ukiegemea magoti yake, na kondoo akishakaa hivyo hutulia. Sufu ya tumbo hutangulia na huwekwa kando, kwa kuwa ni fupi na chafu. Mkono wa kushoto huvuta ngozi ikakazika na kuziba chuchu, huku wa kulia ukipeleka makasi. Hupanda mguuni, shingoni, begani. Kisha kondoo hulazwa, na makasi hupita mgongoni kwa mikato mirefu. Mwishoni vazi lote la sufu hutoka likiwa kipande kimoja kama joho. Hutupwa juu ya meza ya fito ili vipande vifupi vidondoke, kingo zenye mavi na majani zikatolewa, likakunjwa na kupimwa kwa wembamba wa nyuzi, urefu na usafi.

Ubora huonekana kwa anayejua pa kuangalia. Makasi yakipita mara mbili mahali pamoja huacha vipande vifupi visivyosokoteka. Jeraha dogo ngozini hupunguza alama, titi lililokatwa ni aibu. Kasi huhesabiwa pia, lakini mwenye haraka na mkono mbaya hashindi.

Wapo watakaosema makasi ya mkono yamepitwa na wakati. Sisi hatukubali. Hayahitaji umeme wala jenereta, kwa hiyo yanamfaa mwenye kondoo kumi na watano kule Kinangop. Tena huacha sufu ndefu kidogo juu ya ngozi kuliko mashine, na usiku wa baridi ya Molo kidogo hicho ndicho humwokoa kondoo aliyenyolewa. Nyuzilandi, wakulima walianzisha mashindano ya Golden Shears mjini Masterton mwaka 1961, na tangu 1977 kuna mashindano ya dunia ya unyoaji. Katika makasi ya mkono, miongoni mwa wanaoogopwa zaidi duniani ni wanyoaji wa Afrika Kusini na Lesotho. Ni vijana waliojifunzia kazi mabandani, kama wa kwetu.

Kwa nini basi ujuzi huu unafifia Kenya? Bei ni sababu ya kweli. Nyuzi za viwandani ziliibana sufu kwa miaka mingi, kisha mwaka 1991 Australia ikashindwa kuendelea kuishikilia bei yake, na soko la dunia nzima likatikisika. Mfugaji wetu aligundua kwamba mnyoaji humgharimu sawa na mauzo, akageukia nyama. Hata hivyo sufu haijakosa kazi. Wanawake wa Nanyuki Spinners and Weavers wanaisokota na kuifuma tangu 1977, na Njoro wapo Kenana Knitters tangu 1998. Hao wanahitaji vazi safi lililokatwa mara moja, na ni mnyoaji stadi pekee awezaye kuwapa.

Sababu ya pili iko ndani ya uwezo wa ASK. Kinachoamuliwa hadharani hutunzwa. Kisichoamuliwa hupotea bila mtu kukusudia. Mfano ni yule kondoo mwekundu. Katika miaka ya 1990 watafiti walimfuga pamoja na kondoo wa kigeni aina ya Dorper huko Diani, kusini mwa Mombasa, penye unyevu na minyoo tele, na wakathibitisha kwamba anawahimili minyoo wanyonya damu kuliko mgeni. Lakini macho ya wafugaji yalikuwa yameshavutwa na mwili mkubwa wa Dorper, madume wakachanganywa kundi baada ya kundi, na leo kumpata mwekundu halisi ni kazi. Utepe mmoja kwa kondoo aliyepita msimu wa mvua bila dawa ungewapa wafugaji sababu ya kumtunza.

Siku hizi ukiingia uwanja wa shoo wa Jamhuri Park, au wa Mkomani, unapokewa na mabanda ya benki, simu na bima, na muziki unaosikika mpaka barabarani. Kodi ya mabanda hayo inasaidia kulipa gharama, tunalijua hilo, na watoto wana haki ya kupanda bembea. Lakini mabasi ya shule hufika yamejaa, na mtoto anaweza kuzunguka kutwa akarudi nyumbani na mfuko wa vipeperushi bila kuona mnyama akihukumiwa. Vilabu vya wakulima vijana, na vile vya 4K vilivyofufuliwa 2021, viwekewe viti vya mbele kando ya uwanja, na mwamuzi apewe kipaza sauti aeleze sababu zake kwa Kiswahili.

Kwa kondoo ombi letu ni dogo. Shoo za Nakuru, Nyeri na Nanyuki ziweke mashindano ya kunyoa kwa makasi ya mkono, siku inayotangazwa mapema, saa za mchana watu wakiwa wengi. Wasokotaji waalikwe mezani wainunue sufu ya washindi papo hapo. Vifaa ni turubai, meza ya fito, mizani, dawa ya majeraha na kombe. Na kwenye kombe hilo liandikwe jina la aliyeshika makasi, hata kama kondoo si wake.