Kisanduku cha Kuidanganya Injini

Tangu muhula uliopita pana ubishi mkubwa katika mabweni yetu, hasa Jumamosi jioni baada ya kufua nguo. Ubishi wenyewe ni juu ya motokaa za mbio, na juu ya visanduku vidogo ambavyo watu hununua na kuvifunga katika injini ili iongeze nguvu. Wenzangu wengi husema kwamba kisanduku ni ufundi wa kisasa, na asiyekitaka ni mwoga. Mimi katika ubishi huo nimekuwa nikinyamaza. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze sababu ya kunyamaza kwangu, na kwa nini naona kwamba kisanduku hicho hakimfai mtu asiyekuwa na njia ya kupima yanayotokea ndani ya injini yake.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Chukua Subaru Impreza WRX, motokaa ambayo vijana wengi wa Kampala huitambua kwa mlio kabla hawajaiona. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992, ikiwa na injini ya lita 2 yenye silinda nne zilizolala, mbili upande huu na mbili upande huu, tena ina turbo. Moshi utokao katika silinda hauachwi upotee bure. Huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili, ambalo husukuma hewa kuingia katika injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto. Asiyeamini na ashike ncha ya bomba la baiskeli baada ya kujaza gurudumu.

Kazi ya kuamua hewa isukumwe kiasi gani, petroli inyunyizwe kiasi gani, na plagi itoe cheche wakati gani, ni kazi ya kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo haina macho. Huletewa habari kwa waya kutoka kwa vipimio vingi: cha kanieneo ya hewa, cha joto, cha mzunguko wa injini, na kimoja kilichofungwa ubavuni mwa injini ambacho kazi yake ni kusikiliza kama injini inagonga. Kompyuta huziamini habari hizo, kisha hufuata hesabu zilizoandikwa ndani yake na watu walioiunda motokaa.

Sasa kisanduku huingizwa katikati ya waya. Kipimio kikisema, “Hewa imefika kiasi hiki,” kisanduku hulipokea neno hilo, hulipunguza, kisha huiambia kompyuta, “Hewa bado haijafika.” Tuseme kipimio kimeleta volti 3, kompyuta huambiwa ni 2 na nusu. Basi kompyuta, kwa uaminifu wake, huiacha turbo isukume zaidi. Hiyo ndiyo siri yote. Hamna nguvu yo yote katika kisanduku. Kilichomo ni neno la uwongo, na nguvu yatoka katika injini ile ile ya jana. Kweli vipo visanduku vya busara zaidi, visomavyo habari nyingi na kurudi nyuma vikiona hatari. Tena wapo mafundi ambao hawatumii kisanduku kabisa, bali huandika upya hesabu zilizomo katika kompyuta yenyewe. Lakini hicho nilichokiona mimi kilikuwa cha bei rahisi, na kilikuwa cha namna niliyoieleza.

Mtu atauliza: ikiwa injini yaweza kutoa nguvu zaidi, mbona waliyoiunda hawakuiruhusu itoe? Jibu ni kwamba waliweka akiba. Walijua kwamba siku moja mwenye motokaa atapata petroli dhaifu, au atapanda mlima mrefu saa nane mchana, au atachelewa kubadili oili. Wakaacha nafasi ili injini isife siku hiyo. Kisanduku huila nafasi hiyo.

Na hapa ndipo penye neno ninalotaka wenzangu walifikiri sana. Sisi wa huku akiba hiyo tumekwisha anza kuila kabla ya kisanduku kufika. Japani, petroli ya daraja la juu, ambayo ndiyo motokaa hiyo ilitengenezewa, kwa sheria ya viwango vyao yapasa kuwa na okteni isiyopungua 96. Okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyoweza kuvumilia joto na kushindiliwa bila kulipuka kabla ya wakati wake. Petroli inayouzwa kwa kawaida katika vituo vyetu haifikii hapo. Tena Kampala iko juu ya bahari kiasi cha meta 1,200, na kanieneo ya hewa ni kama sehemu 88 tu katika 100 za pwani. Ili ifikishe kanieneo ile ile ndani ya injini, turbo yapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa hutoka na joto zaidi. Ongeza vumbi, na ongeza kwamba motokaa hizi nyingi hutufikia zikiwa zimetumika miaka mingi. Mtu wa Japani akifunga kisanduku, hukopa katika ghala iliyojaa. Sisi twakopa katika ghala ambayo panya wamekwisha ingia.

Haya sikuyajua kwa kusoma tu. Baba mdogo wangu, ambaye ndiye anilipiaye ada katika shule hii, alinunua Impreza ya namna hiyo iliyotumika. Aliipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa kwanza. Likizo moja akaleta kisanduku alichokiagiza kutoka ng'ambo, pamoja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akaniita, “Msomi, njoo utusomee.” Fundi wake, mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa amesimama kando akijifuta mikono kwa kitambaa.

Nikasoma. Waya huu hapa, soketi hii pale, funga mkanda wa plastiki, washa injini. Ilikuwa kazi ya nusu saa, nami nilijiona mtu mkubwa. Yule mzee akaniuliza, “Kijana, karatasi yasemaje juu ya petroli?”

Nikajibu, “Yasema itiwe petroli nzuri, mzee.”

“Nzuri ni ipi?”

“Ya kituo cho chote kinachoaminika.”

Wasomaji, karatasi haikusema hivyo. Karatasi ilitaja namba, okteni 98. Niliiona namba ile kwa macho yangu, na sikujua maana yake, nami niliona haya kusema mbele ya mzee kwamba mimi niliyesoma sijui. Nikaikunja karatasi.

Majuma mawili tulifurahi. Baba mdogo alikanyaga mafuta na motokaa ikaruka, naye akacheka kama mtoto. Jumapili moja, tukirudi kutoka Jinja, katika kilima kimoja cha msitu wa Mabira, nilisikia sauti kama vijiwe vikitikiswa ndani ya kopo. Nilidhani ni changarawe chini ya magurudumu. Tulipofika Lugazi, moshi wa buluu ulikuwa ukitoka nyuma, na injini ilikuwa ikitetemeka kama mgonjwa wa homa.

Mzee alipoifungua injini, alitoa pistoni moja na kunipa mkononi. Ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi na ringi ulikuwa umevunjika, na kipande chake kilikuwa kimekwaruza ukuta wa silinda. Akanieleza kwamba petroli ilikuwa ikilipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia, na mlipuko huo hupiga pistoni kama nyundo. Kompyuta ilijaribu kuchelewesha cheche ili kuiokoa, lakini ilikuwa imekwisha danganywa juu ya hewa, na msaada wake haukutosha. Lawama si ya walioiunda motokaa. Wala siwezi kumlaumu sana aliyekiunda kisanduku, kwani aliandika namba yake katika karatasi.

Injini nyingine ilipatikana, na bei yake ilipita bei ya ng'ombe watatu. Fedha hizo zilikuwa za ada. Baba mdogo alilipa yangu kwa sababu nilikuwa katika darasa la mtihani. Binti yake, mdogo wangu, alikaa nyumbani muhula mzima akisaidia dukani. Likizo ya Krismasi nilimwambia baba mdogo habari ya ile namba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mweleze yeye, si mimi.” Nikaenda dukani nikamweleza. Aliniuliza neno moja tu: namba ilikuwa ngapi? Nikamwambia. Akaendelea kupima sukari.

Sasa nirudi kwa wenzangu wa bwenini. Husema, “Gari ni mali ya mtu, na aifanyie atakavyo.” Ni kweli, lakini nimeonyesha kwamba hasara ya injini haikai kwa mwenye motokaa peke yake. Tena motokaa iliyoongezwa nguvu, na breki na mipira yake ni ile ile ya zamani, ni hatari kwa mtu aendaye kwa miguu, ambaye hakuulizwa.

Husema pia, “Mbona madereva wa mashindano hufanya hivyo?” Neno hili lina uzito, maana sisi wa huku twayapenda mashindano hayo tangu zamani. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 zilirudi Kenya kuwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Lakini tuangalie jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 1995 Colin McRae alipata ubingwa wa dunia kwa Subaru Impreza. Motokaa za daraja lake zilifungwa pete katika mlango wa turbo, yenye tundu la milimeta 34 tu, ili hewa isizidi. Yaani bingwa alishinda kwa injini iliyobanwa kwa sheria, na nyuma yake kulikuwa na mafundi wengi, petroli iliyopimwa, na injini iliyofunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Mwaka huo huo kikosi cha Toyota kiligunduliwa kuwa na hila iliyoiwezesha hewa kupita kando ya pete hiyo, na kikafungiwa miezi 12. Basi anayetaka kumwiga bingwa na aanze kwa kuiga upimaji wake.

Mimi sisemi kwamba nguvu ya injini isiongezwe kamwe. Nasema uwongo wa kisanduku usiingizwe mahali ambapo hakuna awezaye kuuona ukweli. Mtu akitaka, kwanza na apime mgandamizo wa kila silinda, ajue kama injini ni nzima. Akague mipira ya hewa kama haivuji, abadili plagi na oili. Atafute petroli yenye namba iliyotajwa, na kama haipatikani mahali anapokaa, basi shauri limekwisha, akiuze kisanduku. Breki na mipira ya magurudumu itangulie kabla ya nguvu. Mwisho aende kwa fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu, na mwenye kipimo cha moshi kinachoonyesha kama petroli yatosha kwa hewa. Twafundishwa kwamba petroli huungua sawasawa kwa uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Lakini injini ya turbo inapokazwa huhitaji petroli zaidi ya hapo ili isiunguzwe na joto. Jambo hilo halijulikani kwa kusikiliza mlio wala kwa kuona kasi.

Na kwa sisi wanafunzi nina ombi moja. Chama chetu cha sayansi kina kipimo cha kanieneo, na karibu na lango la shule pana gereji. Twende tukajifunze kwa wazee wale, tukiwa na daftari, wala si kwa kuwasomea karatasi kama nilivyofanya mimi. Yule mzee hakujua Kiingereza, lakini aliuliza swali lililokuwa na maana kuliko yote niliyoyasoma siku ile. Kama ningalimjibu, “Mzee, hapa pana namba, siijui maana yake,” yeye angaliijua, au angalitutuma kwa ajuaye.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilitoka Kampala ikaishia Mabira. Mimi nimesema langu, na mwenye neno la kunipinga na alete kalamu yake katika toleo lijalo. Nitafurahi kumsoma, mradi kwanza atuambie petroli yake ni ya namba gani.