Behewa la Madaraka liwekwe makumbusho, tena huku kwetu ng'ambo

Wadau, ushawahi kuingia Makumbusho ya Reli pale Nairobi? Utakuta majitu ya chuma ya enzi za mvuke. Kuna Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 zilizoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, zikavuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara. Kuna hata lile behewa ambalo simba aliingia pale Kima mwaka 1900 akamtoa afisa wa polisi dirishani. Ni noma, sikatai. Lakini kizazi chetu kiko wapi mle ndani?

Treni tunayoijua sisi ni Madaraka Express, iliyoanza 2017, inayoishia Miritini. Najua mtu atasema, "Wee, hiyo si bado inatembea? Haraka ya nini?" Haraka ndiyo hiyo. Kitu kikiwa kipya hakuna anayekiona cha maana, kikichakaa kinaitwa skrepa. Na mwenye gesi ya kukata chuma huwa hachelewi.

Halafu treni za sasa ni ngumu kuhifadhi kuliko za mvuke. Injini ya mvuke, fundi mzuri ataifungua, aone kilichovunjika, achonge kingine. Ya leo imejaa kompyuta na nyaya, na mwenye kuielewa vizuri ni aliyeiunda. Tukingoja miaka 40 ndipo tuanze kutafuta michoro, vipuri na programu zake, tutabaki na boksi la chuma tu. Angalieni Addis Ababa. Walizindua treni za mjini 2015, magari 41 mapya, na haikufika miaka kumi mengi yashasimama kwa kukosa vipuri.

Wengine watasema SGR ina kelele nyingi, deni na siasa, haifai kutukuzwa. Jamani, kuhifadhi si kutukuza. Marekani, Boeing wale wa ndege waliunda treni za mjini miaka ya 1970 kwa ajili ya Boston na San Francisco. Zilisumbua vibaya, milango ikigoma na treni zikiacha reli. Na bado makumbusho ya Seashore kule Maine wameweka moja. Makosa nayo ni historia.

Na yetu ina historia inayouma. Mwaka 2019 ilipoamriwa mizigo ipande SGR, watu waliandamana Mombasa kila Jumatatu. Madereva wa malori, matingo, mama wa chakula, wenye yadi za makontena Changamwe, wote mkate wao ulikuwa barabarani. Amri ile ilikuja kubatilishwa 2022, lakini kuna waliofunga biashara na hawakurudi tena. Treni hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha mwanafunzi wa Likoni kwenda Nairobi asubuhi na kufika mchana bila kukesha kwenye basi. Behewa moja limebeba yote mawili, na mtoto atakayezaliwa kesho ana haki ya kukaa kwenye kiti chake asikie pande zote.

Kwa hivyo ombi langu ni hili: Shirika la Reli litenge behewa moja mapema, pamoja na michoro na vipuri vyake, kabla siku ya kustaafu kufika. Na liwekwe huku ng'ambo, Changamwe au Miritini. Reli ya kwanza ilitandikwa Mombasa mwaka 1896, ila kuiona historia yake sharti upande gari hadi Nairobi. Hiyo ni haki kweli?

Na sisi tusikae tu tukingoja serikali. Una mjomba aliyeendesha lori 2019? Mkalishe, washa simu, mrekodi. Una tiketi ya safari yako ya kwanza? Usiitupe. Behewa likija kuwekwa, litahitaji sauti za watu, na hizo hakuna fundi wa kuzichonga upya.