Kisoro: Wenye Msitu Wanaingia kwa Zamu

Kisoro, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Uganda, umekaa chini ya Muhavura, volkano yenye urefu wa mita 4,127. Wageni huufuata kwa ajili ya kupanda milima, na wengi huondoka wakisimulia habari za Wabatwa, watu walioishi katika misitu ya huko.

Ndani ya Hifadhi ya Mgahinga, karibu na mji huo, kuna matembezi yanayoongozwa na Wabatwa wenyewe. Mzee hupekecha vijiti mpaka moshi utoke, huonyesha majani ya dawa na namna ya kurina asali, kisha huwashusha wageni gizani, katika pango la Garama, kusikiliza nyimbo. Ziara ni nzuri, hilo halina ubishi. Ila msitu huo ulikuwa kwao hadi 1991, ulipofanywa hifadhi ya taifa na wao wakatolewa. Sasa wanaigiza maisha yao kwa wenye tiketi, na jioni wengi wanarudi kulala kwenye ardhi za watu.

 

Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba Wabatwa hawakufidiwa ipasavyo. Na kibali cha kuwaona sokwe wa milimani huko Mgahinga humgharimu mgeni dola 800. Fedha ipo, basi. Kampala iwape Wabatwa hatimiliki za ardhi, na mgeni aulize kiongozi wake analipwa ngapi.