Vyote Ving'aavyo Si Dhahabu

Likizo iliyopita baba alivuka feri ya Likoni kwenda Mombasa kumnunulia mdogo wangu kipakatalishi cha mtumba, apate kuchezea michezo. Alirudi Kombani nacho kinang'aa kama kioo. Wallahi, siku ya tatu betri ikafa, na mchezo wa magari ukawa unakwama kama gari lililozama mchangani. Mtoto alilia. Pesa za korosho ndizo zilikuwa zimekwenda hivyo!

Simlaumu muuzaji peke yake. Sisi nasi hatukuuliza. Maoni yangu ni haya: kabla hujatoa hela, kiwashe, chomoa waya wa stima, ukichezee nusu saa nzima. Gigabaiti 8 za kumbukumbu ndizo za kuanzia, na diski iwe SSD. Uliza na umri wake, maana Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi za kabla ya 2018. Mwisho, dai risiti yenye dhamana.

Wengine watasema michezo ni upuuzi. La hasha! Mashine iyo hiyo atasomea. Jamani, rahisi huwa ghali; tufumbue macho.