Usipokee Kifurushi Usichoweza Kukihakiki

Makamanda, najua mtaniuliza: mambo ya Linux na mageuzi wapi na wapi? Nipeni dakika tano tu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kiwira, namsaidia kaka yangu kwenye steshenari yake karibu na stendi. Kazi ni zile zile mnazozijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti vya wanaoomba ajira. Jioni moja akaja mama mmoja mwenye kesi ya shamba, na muda wake wa kukata rufaa ulibaki siku mbili. Nikamchapia sababu zake za rufaa, kurasa saba, nikahifadhi kwenye kompyuta na kwenye fleshi. Asubuhi anarudi kuchukua, nafungua: mafaili yote yamegeuka shotikati, hakuna hata moja linalofunguka. Virusi.

Nikamwambia, "Pole sana mama." Akanijibu kwa upole, "Ndaga, mwanangu. Lakini karani hatapokea pole yako."

Tulichapa upya tangu mwanzo kutoka kwenye daftari lake na akawahi. Ila siku ile sikulala vizuri. Nilimuuliza kaka Windows na Office za dukani zilitoka wapi. "Kwa fundi. Alikuja na fleshi, nikampa elfu kumi." Na fundi alizipata wapi? Kwa fundi mwingine. Na huyo je? Hapo habari ikaishia. Mashine inayobeba kesi za watu, vyeti vya watu na namba za NIDA za watu inaendeshwa na kitu ambacho hakuna mtu Kiwira nzima anayejua kilifungwa na nani, wala kuna nini ndani.

Sisi watoto wa Rungwe tunalijua tatizo hili kwa jina lingine: lumbesa. Mkulima wa viazi analetewa gunia lililoungwa kichwa, analijaza, analipwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo na lumbesa imekatazwa, lakini shambani hakuna mizani, kwa hiyo mwenye kifungashio ndiye anayeamua ukweli. Fleshi ya fundi ni hivyo hivyo. Huna mizani, unapokea tu.

Sasa nieleze kwa nini watu wa Linux walinivutia. Siyo kwa sababu ni bure. Ni kwa sababu ya namna wanavyofungasha mzigo.

Chukua Debian, mradi ulioanza 1993. Ubuntu imejengwa juu yake, na Linux Mint niliyoiweka dukani kwa kaka imejengwa juu ya Ubuntu. Mtu anaandika programu na kuweka msimbo wake hadharani. Mfungashaji, ambaye mara nyingi anajitolea, anauchukua msimbo ule, anaangalia leseni yake, anaandika programu ile inategemea programu gani nyingine, kisha anaandaa kifurushi. Kila kifurushi kinapewa alama yake, mfano wa alama ya kidole, na orodha nzima ya alama hizo inatiwa saini ya kidijitali. Kompyuta yako ikipakua kifurushi kutoka kwenye hazina yao, inapima yenyewe. Ikibadilika hata herufi moja njiani, inakikataa. Hiyo ndiyo mizani, na iko mikononi mwa mpokeaji.

Tena watu hawa wanamchagua kiongozi wao kila mwaka kwa kura, na kwenye karatasi ya kura kuna nafasi ya kusema "hakuna hata mmoja kati ya hawa". Nawaachia mtafakari wenyewe.

Upande wa sheria ndio ulionifurahisha zaidi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Maana yake ile biashara ya fundi ya kunakili Windows ni kosa, na kaka yangu naye yuko hatarini. Lakini leseni ya GPL, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1989, inaitumia hakimiliki hiyo hiyo kumlinda anayenakili. Inakuruhusu kutumia, kuchunguza, kurekebisha na kusambaza. Inakuruhusu hata kutoza hela. Sharti kubwa ni kwamba unayempa programu umpe na haki hizo hizo, pamoja na njia ya kupata msimbo. Kwa hiyo kijana wa stendi anaweza kuuza nakala ya Linux elfu mbili mchana kweupe na asiogope mtu.

Je, mfumo huu hauchakachuliwi? Unachakachuliwa. Machi 2024 dunia nzima ilishtuka. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili kwenye kiprogramu kidogo kinachoitwa xz, akapewa madaraka, akaficha mlango wa wizi. Ujanja wake ulikuwa huu: sehemu muhimu ya hila haikuwepo kwenye msimbo uliokuwa unaonekana na wote. Aliiweka kwenye furushi la kusambaza. Kilichobandikwa hadharani kilikuwa kimoja, kilichosafirishwa kilikuwa kingine.

Makamanda, nani kati yetu hajawahi kukaa wakala kituoni? Tunaujua ugomvi wa fomu iliyobandikwa mlangoni na namba inayokuja kutangazwa mbele ya safari.

Hila ile ilikamatwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde akaamua kuchimba. Aliweza kuchimba kwa sababu msimbo na furushi vyote vilikuwa wazi. Uwazi haukuzuia mwizi kuingia, ila ulimpa mtu wa kawaida uwezo wa kumkamata kabla mzigo haujafika kwenye Debian imara wanayoitumia wengi. Ndiyo maana wafungashaji wengi sasa wanasisitiza kwamba mtu yeyote aweze kujenga kifurushi upya kutoka kwenye msimbo na kupata kilekile.

Tatizo letu ni njia ya kufikisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Miaka hiyo hiyo Ubuntu walikuwa wanatuma CD za bure kwa posta, hadi 2011 walipoacha. Mimi nimekua Kiwira na sikuwahi kuiona hata moja. Kazi ilifanyika, mzigo haukufika kijijini.

Leo kikwazo ni bando. Masasisho ya Linux yanaweza kula bando la wiki nzima. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kilichokuwa kinategemea mtandao kililala. Kilichokuwa ndani ya kompyuta kiliendelea.

Dawa ipo. Kuna programu inaitwa apt-offline. Kompyuta ya Kiwira inaandika orodha ya inachohitaji, ninaibeba kwenye fleshi, ninapakua nikiwa chuo, ninarudi nayo, na mashine inahakiki kabla ya kusakinisha. Fleshi ni ile ile, ila sasa ina mizani. Angalizo moja: faili la kwanza la kusakinishia lihakikiwe pia, maana ukianza na nakala mbovu, hata mizani yenyewe itakudanganya.

Sisemi ni mteremko. LibreOffice inafungua faili la Word ila mpangilio huyumba wakati mwingine, na printa moja ya kaka ilitusumbua siku mbili. Yeye mwenyewe alinuna wiki nzima. Sasa hanuni.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuanze na sisi. Nimeshaingia ofisi ya chama ambayo orodha ya wanachama iko kwenye Windows ya kuchakachua. Tunadai uwazi huku majina ya watu wetu tumeyaweka kwa fundi asiyejulikana. Pili, vijana wa kila wilaya wawe na diski moja ya programu huria iliyohakikiwa, mwenzetu akija na fleshi anapewa. Tatu, tuingize kwenye madai yetu: programu yoyote iliyotengenezwa kwa kodi ya wananchi, msimbo wake uwe wazi kwa wananchi. Na inayojumlisha kura iwe ya kwanza.

Yule mama wa shamba hahitaji kujua Linux ni nini. Anahitaji kurasa zake saba ziwepo asubuhi akija kuzichukua. Mimi nianze na dukani kwa kaka. Wewe anza na kompyuta iliyo mbele yako.