Ngozi, nywele na homoni: kwa nini ndevu zimeota



Maswali matatu yametufikia, kila moja kutoka kikundi chake. Mama wa kwanza alizaa miezi minne iliyopita. Kila akichana nywele, kitana kinajaa. Anauliza kama mtoto ndiye anayemnyonya nywele pamoja na maziwa. Mama wa pili ana binti wa miaka 14 mwenye chunusi uso mzima, na jirani amesema kwamba binti huyo ameanza wanaume. Mama wa tatu ameuliza kwa sauti ndogo, wengine walipokwisha kwenda. Anapaka mafuta ya kung'arisha tangu mwaka jana. Uso umekuwa mweupe kama alivyotaka, lakini sasa ndevu zinaota kidevuni na mashavuni.

Maswali ni matatu, lakini yote yanatupeleka kwa kitu kimoja: homoni. Tulisome somo hili polepole, kama kalasini.

Homoni ni nini?

Homoni ni ujumbe ambao sehemu moja ya mwili inatuma kwa sehemu nyingine. Inatengenezwa katika tezi: kuna tezi kichwani, shingoni, juu ya figo, na kwa sisi wanawake kuna zile mbili za mayai, tumboni. Damu ndiyo inayoibeba. Fikirini mtu wa baiskeli anayetoka Kindu na barua za Kasongo. Anapita vijiji vingi, lakini barua inafunguliwa na yule tu aliyeandikiwa. Ngozi na nywele wanaandikiwa barua nyingi sana.

Kila unywele unaota ndani ya kishimo kidogo cha ngozi. Kando ya kishimo hicho kuna tezi ndogo inayotoa mafuta. Na ndani ya ngozi kuna chembe zinazotengeneza rangi yetu nyeusi, inayoitwa melanini, ambayo kazi yake ni kutukinga na jua. Unywele, mafuta na rangi, vyote vitatu vinasikiliza homoni. Ndiyo sababu mambo yakibadilika ndani, mara nyingi tunayaona kwanza usoni na kichwani.

Nywele zinazoanguka baada ya kuzaa

Unywele wa kichwani unakua kwa miaka 2 hadi 6, karibu sentimita moja kila mwezi. Kisha unapumzika kama miezi 3, unaanguka, na mwingine unaota mahali pake. Kwa hiyo kila siku kila mtu anapoteza nywele 50 hadi 100, hata kama haoni.

Wakati wa mimba, homoni ya estrojeni inapanda sana na inaziambia nywele: endeleeni kukua. Zile zilizopaswa kuanguka zinabaki. Ndiyo maana wajawazito wengi wana nywele nzito. Mtoto akizaliwa, estrojeni inashuka kwa ghafula. Nywele zote zilizochelewa zinaingia mapumziko pamoja, na baada ya miezi 2 hadi 4 zinaanguka pamoja. Mtoto hana kosa, na maziwa hayana kosa. Mama asiache kunyonyesha. Kwa wengi nywele zinarudi kabla mtoto hajamaliza mwaka. Homoni hizohizo za mimba ndizo zinazoleta mstari mweusi tumboni na madoa meusi mashavuni. Mara nyingi vinafifia vyenyewe baada ya kuzaa, na jua kali linachelewesha.

Lakini mama akiwa anachoka sana na ndani ya macho yake pamepauka, aende santa ya afya: huenda amepungukiwa damu. Na kama nywele zinakatika pembeni ya paji la uso tu, tusisingizie homoni. Misuko ya kuvuta sana ndiyo inayong'oa.

Chunusi za binti

Binti akianza kukomaa, mwili wake unatengeneza zaidi homoni tunazoziita za kiume. Wanawake wote tunazo, kwa kiasi kidogo. Ndizo zinazoleta nywele za kwapani na za sehemu za siri. Ndizo pia zinazoiambia tezi ya mafuta ifanye kazi kubwa. Kishimo kinaziba, vijidudu vinaingia, chunusi inatoka. Mvulana wa rika lake anazo pia, na hakuna jirani anayemsema!

Kwa hiyo chunusi hazitoi ushahidi wowote juu ya mwenendo wa binti. Zinaonyesha tu kwamba anakua. Anawe uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali, asizikamue, asipake mafuta mazito usoni. Na mama autumie wakati huo kumweleza siku za mwezi, kabla jirani hajamweleza kwa njia yake.

Mafuta ya kung'arisha

Hapa, wamama, naomba tusome kwa makini, maana hapa kuna hatari ya kweli.

Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya kotisoli. Kotisoli inausaidia mwili kuvumilia ugonjwa, njaa, jeraha na uchungu wa kuzaa. Waganga wametengeneza dawa zinazofanana nayo, nyingine zina nguvu mara nyingi kuiliko. Katika mirija ya soko mara nyingi ni klobetasoli au betametasoni. Ni dawa nzuri kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache, mahali padogo, mganga akiandika. Moja ya madhara yake ni kupunguza rangi ya ngozi. Wafanyabiashara wameyageuza madhara hayo kuwa bidhaa.

Mama anayepaka mafuta hayo mwili mzima kila siku anajitumia barua za uongo. Ngozi inanywa dawa, dawa inaingia katika damu. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, michirizi inatokea kwenye mapaja na matiti, chunusi zinajaa, nywele zinaota usoni. Mama yetu wa tatu, ndevu zako zinaweza kabisa kutoka humo. Vidonda navyo vinachelewa kupona, na mkunga au daktari akishona, nyuzi hazishiki vizuri. Fikirini mama wa namna hiyo akihitaji kupasuliwa ili mtoto atoke.

Tena kuna jambo lisiloonekana. Tezi za juu ya figo zikiona damu imejaa ujumbe huo kila siku, zinalala. Siku mama anapougua sana au anapozaa, mwili unaomba kotisoli na hakuna wa kuitoa. Huko Dakar, Senegali, madaktari waliwachunguza wajawazito waliopaka mafuta yenye dawa hizi kali. Kotisoli yao ilikuwa imeshuka, kondo la nyuma lilikuwa dogo zaidi, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa wengi kuliko kwa wale wasiopaka. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2007. Mafuta yanapakwa kwenye ngozi ya mama, lakini mtoto aliye tumboni analipa deni.

Mafuta mengine yana haidrokwinoni. Hiyo inazuia chembe zisitengeneze rangi. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi ya mashavu kuwa nyeusi ya bluu, na doa hilo ni gumu sana kuondoa. Mengine yana zebaki. Wenzetu wanaoishi karibu na machimbo ya dhahabu huko Kabambare wanaijua zebaki: ni ile inayokamata dhahabu na kuchomwa motoni. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, inapita kwa mtoto tumboni na katika maziwa. Nchi nyingi zimekubaliana kuipinga kwa mapatano ya Minamata, yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kazi mwaka 2017. Mwaka 2023 zilikubaliana kwamba mafuta ya urembo yaliyotiwa zebaki yasitengenezwe wala kupelekwa kutoka nchi moja hadi nyingine tena baada ya mwaka 2025. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuyakamata madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Huko Tanzania mchanganyiko wa namna hiyo unaitwa mkorogo, na jina linasema kweli: anayeukoroga tu ndiye anayejua alichotia.

Si ndevu zote zinatoka kwenye mafuta

Tusije tukamhukumu kila mwenye ndevu. Mama aliyemaliza siku zake za mwezi kwa umri anaweza kuota nywele chache kidevuni, kwa sababu estrojeni imeshuka. Hiyo si alama ya uchawi, na anayesema hivyo juu ya bibi wa watu anatenda dhambi.

Kwa mwanamke kijana, ndevu nyingi pamoja na siku za mwezi zinazopotea miezi na miezi, na mimba isiyopatikana, inaweza kuwa shida ya tezi za mayai. Shirika la Afya Duniani linasema shida hiyo inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Si laana ya ukoo, na bwana asiitumie kumrudisha bibi kwao. Kuna dawa. Aende hospitali kuu, asiende kung'oa tu.

Na kama ngozi inakauka, nywele zinapungua, baridi inamsumbua mama wakati wengine wanatoka jasho, na shingo inavimba, tuangalie tezi ya shingo. Hiyo inahitaji iodi. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, uvimbe wa shingo uliwahi kuwa wa watu wengi sana, na wachunguzi waliona kwamba iodi ilikosekana, na muhogo usiotengenezwa vizuri uliongeza shida. Tununue chumvi yenye iodi, tuifunike mbali na jua na unyevu, na muhogo tuuloweke siku za kutosha kabla ya kuanika.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tusome mrija kabla ya kulipa franka zetu. Ukiona clobétasol, bétaméthasone, hydroquinone au mercure, rudisha. Na ambao hauna maandishi yoyote, rudisha pia. Asiyejua kusoma aende sokoni na binti yake anayesoma. Ndiyo faida ya kumpeleka shule.

Pili, anayepaka tangu zamani asiache ghafula peke yake. Aende kwa mganga na mrija mkononi, aseme ukweli wote, apunguziwe hatua kwa hatua. Mjamzito na anayenyonyesha waende juma hili hili. Wakati wa kuzaa au kupasuliwa, mama amwambie mkunga kwamba anapaka. Hiyo siri inaweza kuua.

Tatu, mtoto mchanga asipakwe mafuta hayo hata kidogo, hata kama bibi wa upande wa baba anataka mjukuu mweupe.

Nne, tuangalie midomo yetu. Kila mwaka kabla ya proklamasio, nasikia wasichana wa shule wakichanga pesa za mrija mmoja. Hawakuzaliwa wakichukia rangi yao. Walitusikia sisi tukisema harusini, «bibi-arusi ni mzuri, ni mweupe.» Yule mweusi aliyekaa nyuma amesikia pia, na somo hilo amelishika kuliko hesabu zetu zote.

Mama wa tatu, asante kwa kuuliza. Wengi wanaota ndevu na kuzinyoa gizani, na wanaongeza mafuta ili kuficha alama za wembe. Njoo santa, na mtu wa kikundi akusindikize. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, tutamkumbusha kwamba naye ana tezi.

Kazi ya nyumbani kwa vikundi: siku ya likelemba, kila mmoja alete mrija au chupa anayotumia, msome maandishi pamoja. Andikeni majina mliyoyakuta, mtuletee kabla ya juma lijalo.

Mwalimu wenu